Matuta ya Uluguru na Uhuru wa Nchi Yetu

Kila tarehe 9 Desemba inapofika, watoto wetu husikia shuleni habari za mwaka 1961: bendera ya Mwingereza iliyoshushwa usiku wa manane, bendera ya Tanganyika iliyopandishwa mahali pake, na mwenge uliowashwa juu ya kilele cha Kilimanjaro. Ni habari za kweli na za kupendeza, nao wafanya vema kuzikumbuka. Lakini mtoto aweza kukua akidhani kwamba uhuru uliletwa na watu wachache tu, waliokaa mezani Dar es Salaam, London na New York, wakapatana kwa maneno na karatasi. Mambo hayakuwa hivyo. Wakulima wengi ambao majina yao hayamo vitabuni waliitikisa serikali ya kikoloni wakiwa wangali na udongo mikononi.

Katika somo la juma hili twataka kuwatazama wakulima wa mahali pamoja, yaani milima ya Uluguru katika nchi ya Morogoro, na mambo yaliyowapata kati ya mwaka 1950 na 1955. Twawaomba wazazi walisome somo hili pamoja na watoto wao, kwa maana ndani yake mna mafundisho juu ya utawala, juu ya utii, na juu ya ardhi, ambayo hayakuzeeka hata leo.

NCHI NA WATU WAKE

Msafiri atokaye Dar es Salaam huiona milima ya Uluguru ikisimama nyuma ya mji wa Morogoro kama ukuta. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji, chapita mita 2,100. Upande wa mashariki, unaoelekea bahari, hupata mvua nyingi. Huko ndiko ziliko Kinole, Matombo na Kibungo. Upande wa magharibi ni Mgeta, penye baridi, ambapo watu hustawisha mboga za kila namna. Katika milima hiyo hutoka maji ya Ngerengere, ya Mgeta, na ya mto Ruvu, ambao hunywesha Dar es Salaam mpaka leo. Basi mtu aishiye mjini karibu na bahari, asiyepata kuiona Uluguru maishani mwake, huinywa kila siku.

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na tangu zamani ardhi ilikuwa mali ya ukoo, si mali ya mtu mmoja. Mkubwa wa ukoo ndiye aliyeigawa. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kuazima shamba alime, lakini alitoa kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ile si yake. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake, na hapakuwa na mfalme mmoja aliyewatawala wote. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa mbali sana kwa ajili ya mvua, lakini heshima ya mvua siyo sawa na enzi ya kutoa amri kila kijiji.

Waingereza walipoichukua nchi hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hasa baada ya Gavana Donald Cameron kufika mwaka 1925, walitaka kuitawala kwa mikono ya wenyeji. Waliwatafuta machifu, na mahali wasipokuwapo, waliwaweka. Hivyo Waluguru nao walipata masultani na watawala wadogo chini yao, waliolipwa mshahara na Serikali na kupewa mabaraza ya kuhukumu. Wengine katika hao walikuwa watu wema. Lakini cheo chao kilining'inia kwenye uzi ulioshikwa na Mkuu wa Wilaya, yule aliyeitwa Bwana Shauri, kuliko kusimama juu ya koo zenyewe. Jambo hilo tulikumbuke, maana litaonekana tena mbele.

Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kutia mizizi humo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walitoka Bagamoyo, wakafungua misioni ya Morogoro mwaka 1882, na ile ya Matombo mwaka 1897. Mwaka 1953 Morogoro ikawa Jimbo. Kwa hiyo wengi wa wale tutakaowasimulia walikuwa Wakristo waliobatizwa, wenye kusali Rozari nyumbani na kwenda Misa siku ya Dominika.

NIA NJEMA

Yatupasa kusema kweli kwa pande zote mbili. Wataalamu wa Serikali walipoitazama Uluguru baada ya Vita ya Pili ya Dunia hawakukosea kuona hatari. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalipanda juu zaidi kwenye miteremko mikali, majani yalichomwa moto kabla ya kulima, na mvua kubwa iliuchukua udongo na kuutia mtoni. Mto uliokuwa safi ukawa mwekundu wakati wa masika, na wakati wa kiangazi ukapungua. Kama hali hiyo ingeachwa, wajukuu wangerithi mawe.

Basi mwaka 1950 Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Jambo lililokuwa kubwa kuliko yote katika mpango huo lilikuwa kukata matuta ya ngazi: mteremko uchongwe, ugeuzwe kuwa vidato vipana kama ngazi za nyumba, ili maji ya mvua yatulie na udongo usishuke. Kadhalika watu walikatazwa kuchoma majani ovyo na kulima karibu na vijito. Mabwana Shamba wakatumwa vijijini kupima na kuonyesha. Kila mwenye nyumba akapewa kiasi chake cha kuchimba, na asiyetimiza alipelekwa barazani kutozwa faini.

Mtu asomaye habari hizi leo aweza kuuliza: Kosa liko wapi? Udongo ni uhai wa mkulima; mwenye kumfundisha kuuhifadhi si adui yake. Ni kweli. Kosa halikuwa katika kuutaka udongo uhifadhiwe. Kosa lilikuwa katika njia.

NJIA MBAYA

Kwanza, kazi yenyewe ilikuwa nzito kupita kiasi. Kuchonga mlima kwa jembe la mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, nayo ilidaiwa kwa watu wale wale waliokuwa na mashamba ya kulima, kuni za kutafuta, wagonjwa wa kuuguza, na kodi ya kulipa. Wazee husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeandika amri ofisini hakuubeba uzito wake.

Pili, udongo wa Uluguru haufanani kila mahali. Sehemu za Mgeta, penye maji ya kumwagilia na mboga zenye soko mjini, matuta yaliweza kumlipa mkulima jasho lake. Lakini upande wa Matombo, penye mvua nyingi na udongo mzuri ulio mwembamba, kuchimba kidato kulimaanisha kuufukia udongo wenye rutuba na kuutoa juu ule wa chini usiozaa. Mahindi yaliyopandwa juu yake yalidhoofu. Penye mteremko mkali, kidato kilichoshiba maji kiliweza hata kuporomoka. Mama aliyeona mahindi yake yamekuwa ya njano baada ya kutii amri hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba amri ile ilikuwa na kasoro.

Tatu, palikuwa na shauri la ardhi ya ukoo. Tumekwisha kusema kwamba wengi walilima mashamba ya kuazima. Mtu akitia kazi ya miezi mingi katika shamba la ukoo mwingine, je, shamba lile litakuwa la nani? Mwenye ardhi aliogopa kunyang'anywa na mwazimaji, na mwazimaji aliogopa kufukuzwa baada ya kulitengeneza. Zaidi ya hayo, wengi waliingiwa na hofu kwamba Serikali yaitengeneza ardhi kusudi ije kuwapa wageni. Msiwacheke kwa hofu hiyo. Mwaka 1951 tu, huko Meru, familia za Wameru zilikuwa zimehamishwa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na habari za namna hiyo husafiri upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, hawakuulizwa. Waluguru walikuwa na maarifa yao ya kulima milimani. Walijua mteremko upi hushika maji na upi huanguka, majani yapi yafukiwe na yapi yaachwe. Pengine maarifa hayo hayakutosha kwa wingi mpya wa watu. Lakini yalikuwa maarifa, nayo hayakupewa kiti barazani. Masultani na watawala wadogo, ambao wangepaswa kuyapeleka malalamiko ya watu juu, walipewa kazi ya kuzileta amri chini. Mtawala aliyewekwa na Serikali alipomtoza faini mjomba wa watu mbele ya ukoo wake, aliipoteza heshima ambayo mshahara haukuweza kuinunua tena.

MWEZI WA JULAI, 1955

Kwa miaka mitano watu walinung'unika, wakatii, wakachelewa kwa makusudi, wakalipa faini, wakanung'unika tena. Katika muda huo TANU ilikuwa imezaliwa Dar es Salaam, tarehe 7 Julai 1954. Waluguru wengi walikwenda na kurudi kati ya milima na mji, wakiuza mazao na kutafuta kazi. Nao waliporudi walileta habari kwamba kuna chama kinachosema kwamba mtu mweusi naye ana haki ya kusikilizwa katika nchi yake.

Mwezi wa Julai 1955 uvumilivu ulikwisha. Huko Matombo watu wengi walikusanyika kuyakataa matuta. Polisi waliitwa. Mawe yalirushwa, bunduki zililia, na mtu mmoja akafa.

Tusilipite neno hili haraka. Mtu mmoja si idadi kubwa kwa mwandishi wa taarifa za Serikali. Lakini Mungu huwaumba watu mmoja mmoja, na mama huwazaa mmoja mmoja. Mtu yule alikufa kwa sababu ya ugomvi juu ya njia ya kulima mahindi. Kama wakubwa wangekaa chini na wazee wa Matombo miaka mitano kabla, wakasikiliza na kujaribu shamba moja kwanza, huenda asingekufa. Wala hatuwasifu waliorusha mawe, kwa kuwa jiwe halijui kuchagua kichwa cha kuangukia. Lakini kati ya yule aliyerusha jiwe kwa uchungu na yule aliyeziba masikio kwa miaka mitano, Mungu ajua kupima hatia ya kila mmoja.

Baada ya ghasia hizo Serikali iliacha kuwalazimisha watu kukata matuta. Na hapa twaona hasara nyingine iliyo kubwa: watu waliacha kazi yote, njema na mbaya. Vidato vingi vikaachwa viote majani. Kwa miaka mingi baadaye mtaalamu aliyetamka neno matuta upande ule alitazamwa kwa jicho la shaka. Kazi njema ikafanywa kuwa chukizo kwa sababu ya namna ilivyoletwa.

MLIMA MMOJA KATI YA MINGI

Waluguru hawakuwa peke yao. Mwaka 1945 Wapare walikusanyika kwa maelfu huko Same kupinga kodi mpya iliyoitwa mbiru. Washambaa huko Usambara waliyakataa matuta ya mpango wa namna ile ile ya Uluguru. Wameru, baada ya kuhamishwa, hawakushika silaha: walichanga fedha, na mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Huko Usukuma amri juu ya pamba, ng'ombe na mashamba ziliwachosha watu hata Serikali ikaogopa, ikazuia matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 mpaka 1958.

Tazameni sasa jambo la ajabu. Mpare alilia kwa ajili ya kodi, Mluguru kwa ajili ya matuta, Mmeru kwa ajili ya ardhi, Msukuma kwa ajili ya ng'ombe. Kila kabila lilikuwa na kilio chake na lugha yake. Kama kila mmoja angebaki na kilio chake peke yake, Serikali ingewajibu mmoja mmoja: huyu angepunguziwa kodi, yule angesamehewa faini, na utawala ungeendelea. Kazi kubwa ya wale waliotuongoza katika miaka hiyo ilikuwa kuvionyesha vilio hivyo vyote kuwa kilio kimoja, yaani: Twatawaliwa pasipo kuulizwa. Siku watu walipoelewa hivyo, palizaliwa taifa, ijapokuwa bendera ilikuwa haijashonwa.

Katika kazi hiyo Mkatoliki mmoja alikuwa mbele. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwezi wa Machi 1955, miezi minne kabla ya mambo ya Matombo, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, akaomba kwamba Tanganyika itambuliwe kuwa nchi ya Waafrika itakayojitawala. Aliporudi, aliiacha kazi ya ualimu na mshahara wake ili kuitumikia TANU. Bibi Titi Mohamed, mwanamke Mwislamu wa Dar es Salaam, alizunguka nchi akiwaita wanawake kwa maelfu. Waluguru, Wazaramo, Wahaya na Wanyamwezi, Wakristo na Waislamu, walikutana katika mkutano mmoja wakisema lugha moja ya Kiswahili.

Mengine ni habari zinazojulikana. Mwezi wa Januari 1958, mkutano wa TANU uliofanyika Tabora ulikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ingawa sharti lake lilikuwa chungu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Madaraka ya ndani yakaja tarehe 1 Mei 1961, na uhuru kamili tarehe 9 Desemba mwaka ule ule. Jamhuri ikafuata tarehe 9 Desemba 1962, na Muungano na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Cheo cha machifu serikalini kikafutwa mwaka 1963. Na huko Uluguru wengi hawakukililia, kwa sababu waliikumbuka faini ya matuta.

KANISA LAFUNDISHA NINI

Katika Agano la Kale, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, twasoma habari za Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walimwendea wakamwomba awapunguzie kazi ngumu ambazo baba yake aliwatwika. Wazee walimshauri awajibu kwa upole na kuwatumikia. Vijana waliokua pamoja naye walimshauri awatishe. Akawafuata vijana. Basi makabila kumi yakamwacha, na yule msimamizi wa kazi za lazima aliyetumwa kwao akapigwa mawe hata kufa. Maandiko hayasemi kwamba miji na kuta alizozijenga Sulemani zilikuwa mbaya. Yatuonyesha kwamba mfalme aliyekataa kusikia aliupoteza ufalme.

Mapapa wametufundisha vivyo hivyo. Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alieleza kwamba si haki jumuiya kubwa kuzinyang'anya jumuiya ndogo kazi ambazo zaweza kuzifanya zenyewe. Familia, ukoo na kijiji vina haki yao mbele ya Serikali. Na katika mwaka ule ule wa uhuru wetu, 1961, Papa Yohane XXIII katika barua yake Mater et Magistra alifundisha kwamba wakulima wenyewe wapaswa kuwa watendaji wakuu wa maendeleo yao. Maaskofu wa Tanganyika nao walikuwa wamekwisha kuwaandikia waamini barua ya kichungaji mwaka 1953, wakiwafundisha mwenendo wa Kikristo katika mambo ya jamii.

Kutii wakubwa ni fadhila, nalo Kanisa halikuacha kuihubiri. Lakini utii wa mwanadamu si utii wa ng'ombe chini ya nira. Mwanadamu ana akili na dhamiri, na mkubwa anayemwamuru apaswa kusema na akili ile na dhamiri ile. Mwenye kuamuru pasipo kueleza, na kuadhibu pasipo kusikiliza, huharibu utii wenyewe, kisha hushangaa kuona watu wamekuwa wakaidi.

BAADA YA UHURU

Ingekuwa rahisi kulimaliza somo letu hapa: wakoloni walikosea, wakaondoka, nasi tukapona. Lakini mwalimu mwema hamfichi mwanafunzi ukurasa ulio mchungu.

Sisi wenyewe, tukiwa huru, tulirudia kosa lile. Mwezi wa Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa amri kwa watu wote. Nia ilikuwa njema: watu wapate shule, maji na zahanati. Lakini katika mahali pengi nchini, kati ya mwaka huo na 1976, watu walihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao, wakapelekwa penye ardhi isiyofaa. Waliofanya hivyo hawakuwa Waingereza. Walikuwa ndugu zetu, nao walikuwa na haraka. Twajifunza kwamba kuziba masikio si ugonjwa wa rangi moja. Ni kishawishi cha kila mwenye cheo, awe Gavana, mkuu wa wilaya, mwenyekiti wa kijiji, padre katika parokia yake, au baba nyumbani mwake.

Lakini kuna ukurasa mwingine, nao ni wa faraja. Katika miaka ya kuelekea 2010, katika kata ya Kibungo Juu, upande ule ule wa mashariki wa Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yalileta mpango wa kuhifadhi vyanzo vya mto Ruvu. Safari hii wakulima waliitwa wakaketi, wakaelezwa, wakakubaliana. Watumiaji wa maji walioko Dar es Salaam, pamoja na shirika la maji la mji huo, walichangia fedha za kuwalipa wakulima waliotunza udongo. Na wakulima hao, katika milima ambayo babu zao waliyakataa matuta, wakakata matuta kwa hiari yao, wakapanda miti na mananasi kando yake. Mlima ni ule ule, na jembe ni lile lile. Tofauti ni kwamba mtu aliulizwa, na jasho lake likathaminiwa.

WAJIBU WETU

Ndugu wasomaji, uhuru haukuufanya mteremko wa Uluguru uwe tambarare. Mvua ingali yanyesha, udongo ungali washuka, na maji ya Ngerengere na Ruvu huwa mekundu wakati wa masika kama zamani. Sehemu kubwa ya msitu wa juu imehifadhiwa na Serikali, lakini moto wa kiangazi hausomi mabango. Zamani mtu aliweza kusema: Siutunzi mlima kwa kuwa Mzungu ananilazimisha. Tangu mwaka 1961 udhuru huo umekwisha. Aliyekataa kulazimishwa ametangaza mbele ya ulimwengu kwamba aweza kujiongoza. Sasa na aongoze.

Kwa hiyo haki na wajibu vyaja pamoja. Mkubwa ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuamuru, na raia ana wajibu wa kujibu anapoulizwa, si kukaa kimya mkutanoni kisha kunung'unika njiani. Tukipewa mkutano wa kijiji tusiende, tukipewa kura tusipige, tukipewa shauri jema tukalidharau kwa uvivu, tutakuwa tumeidharau damu iliyomwagika Matombo.

Twawaombea marehemu wote wa mwaka ule, wa upande huu na wa upande ule. Mwenyezi Mungu, aliyeiweka milima na kuifungulia mito, awape viongozi wetu masikio ya kusikia, nasi atupe mikono ya kutenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mpango wa matuta ulikuwa na nia gani njema? Kwa nini watu wa Matombo waliukataa?

2. Yale malalamiko ya makabila mbalimbali yaliwezaje kuwa shauri la taifa zima?

3. Katika nyumba yetu, au katika jumuiya yetu, ni amri gani tunayoitoa pasipo kuwasikiliza wale wanaopaswa kuitimiza?

4. Maji tunayokunywa yatoka mlima gani au kisima gani, na nani anayekitunza? Sisi twamsaidiaje?